Vibanio vya Sukari

Hebu niambie wewe unayesikiliza: damu yako ingekuwa na mdomo, ungethubutu kukaa nayo sebuleni siku ambayo una wageni?

Usijibu haraka. Subilaga naye angejibu haraka zamani, kabla Kisomeo, ile mashine ya kusoma damu, hakijaja. Angesema, nisithubutu kwa nini, mimi sina la kuficha. Na watu wangemwitikia, maana jina walilompa lilikuwa Mama Daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa ukutani, kwenye korido ya Kituo cha Mishipa, ndani ya sanduku la kioo, moja kati ya arobaini. Lilikuwa daftari la shule la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefunikwa kwa gazeti na kushonwa mgongoni kwa uzi mweusi. Pembeni yake yalipangwa mengine matatu ya mwandiko uleule, na juu ya yote namba moja: 17. Ukurasa uliofunuliwa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Tarehe, saa, sukari, sindano. Miaka minne bila kuruka siku hata moja. Wauguzi wanafunzi walisimamishwa hapo wakaambiwa, mnaona? Huyu alikuwa mama wa kijijini kule Rungwe, aliishia darasa la saba, hana umeme, insulini anaihifadhi kwenye chungu chenye mchanga wa majimaji. Tazameni kazi yake.

Hatua ishirini kutoka hapo, kitanda namba nne, alilala mtoto wa kike wa Subilaga, ambaye sukari yake iliandikwa humo. Tumpe alikuwa na miaka thelathini na moja sasa, mwalimu wa hesabu. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa cheusi, kimekauka kama ndizi iliyosahaulika juani, na weusi ule ulikuwa umeanza kuparamia kidole cha pili.

Ilikuwa siku yao ya tisa wodini.

"Mama Tumpe, njoo unishuhudie," aliita mgonjwa wa kitanda cha tano. Huyo ni Bi Siwatu, mwanamke wa Tanga, mnene, mdomo haupumziki, aliyeletwa siku tatu baada yao. "Vidole vinaniwasha! Jamani vinaniwasha! Miezi sita mguu umekaa kama gogo, leo unaniwasha. Nimefurahi kama nimeposwa."

"Ukiposwa na mguu huo mahari itakuwa nusu," alisema Tumpe bila kufungua macho.

"Wewe cheka tu. Ngoja hiki kikasha kimalize siku zake tano zilizobaki, utaniona nimevaa viatu vya kisigino, nakupita hapo kitandani ko, ko, ko."

Subilaga alicheka nao. Kisha akachukua kikombe cha chai ya tangawizi ambacho Bi Siwatu humjazia kila asubuhi kutoka kwenye chupa yake, akamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akaketi. Kikasha chenyewe, kidogo kama cha kubebea chakula cha shule, kilikuwa kimefungwa pajani mwa Bi Siwatu, kinadondosha dawa ndani ya mshipa tone moja baada ya jingine. Watu walikiita Kifutio, kama kile cha ubaoni.

Siku ya kwanza Sista Gaudensia alikuwa amewaeleza kinavyofanya kazi. Sista huyo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, hakuwa mtu wa maneno makubwa. Alichukua kitabu cha dawa na vibanio viwili vya nguo.

"Ndani ya kila chembe ya ukuta wa mshipa mna kitabu," alisema. "Kila ukurasa ni jeni moja, ni agizo moja. Huu unasema jenga. Huu unasema tanuka. Huu hapa unasema washa moto, vijidudu vimeingia. Mwili haung'oi kurasa. Unazifunga na kuzifungua tu. Sasa sukari ikikaa juu siku nyingi, inakuja na kibanio." Akaubana ukurasa wa moto ubaki wazi. "Hata vijidudu visipokuwepo, ukurasa uko wazi, moto unawaka, ukuta unavimba, unakakamaa, njia ya damu inazibika. Mnanielewa?"

"Sukari ikishuka?" Tumpe aliuliza.

"Sukari inashuka, kibanio kinabaki. Kifutio ndicho kinachokiondoa."

Hapo Tumpe alimtazama sista. Tangu alipokuwa na miaka kumi na saba alikuwa amewekewa kongosho la kutengenezwa chini ya ngozi ya tumbo. Miaka kumi na minne sukari yake haikuwa imetikisika, imenyooka kama maji kwenye beseni. Lakini mishipa ilikuwa inaoza, na madaktari watatu, mmoja baada ya mwingine, walimwuliza kwa sauti ya chini: unakula nini kisiri?

"Kwa hiyo ni ya zamani," alisema.

"Lazima iwe ya zamani. Lakini ya lini? Kisomeo ndicho kitatuambia."

*

Asubuhi hiyo ya tisa Daktari Hokororo alikuja na majibu kwenye kibao cha kioo. Alikuwa kijana, mstaarabu, hakaribii kitanda mpaka aombe ruhusa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

Aliwaonyesha mchoro. Kisomeo kilikuwa kimesoma chembe za ukuta wa mshipa zilizodondokea kwenye damu ya Tumpe, kikavihesabu vibanio na kuvipanga kwa miaka, kuanzia tumboni mwa mama hadi leo. Mstari ulikuwa chini, chini, chini, kisha ukapanda ghafla kama paa la kanisa, kisha ukateremka.

"Hapa, kumi na mbili mpaka kumi na sita," alisema. "Viko vingi sana. Lakini huo ndio umri wa kubalehe. Mishipa inakua, inawekewa vibanio vyake halali, na vibanio vya ukuaji na vya sukari vinafanana kama mapacha. Tukikosea tukaondoa vya ukuaji, mshipa unasahau kuwa ni mshipa. Unalegea, unapasuka. Tulipoteza watu hivyo mwanzoni."

"Mnavitofautisha vipi?" aliuliza Tumpe. Alikuwa anamwuliza daktari, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mama yake.

"Kwa historia. Daftari linasema miaka hiyo minne sukari ilikuwa nzuri kabisa. Basi Kisomeo kinasema vyote ni vya ukuaji, na Kifutio hakiruhusiwi kuvigusa. Vilivyobaki ni vichache, haviwezi kuwa vimeleta mguu huu." Akamgeukia Subilaga, akauliza swali aliloliuliza kila siku tangu siku ya kwanza. "Mama, daftari liko sahihi?"

"Kama ulivyoliona, ndivyo lilivyo."

"Hakuna mwezi hata mmoja?"

"Baba, si limewekwa kwenye kioo?"

Daktari aliinamisha kichwa. Alisema mguu una siku kumi na mbili, wakivuta sana kumi na tatu, kisha watakata chini ya goti. Bi Siwatu, kitanda cha tano, aliacha kutafuna mkate wake.

Tumpe aliugeukia ukuta. Alivuta shuka.

*

Sasa nikueleze yale ya Rungwe.

Tumpe alianguka kwa kisukari akiwa na miaka kumi na mmoja. Kliniki ilikuwa kila mwezi, Jumanne ya pili, kutembea saa mbili na nusu kupitia mashamba ya chai. Chupa za insulini zilikuwa chache. Vijiti vya kupimia sukari nyumbani vilikuwa kumi tu kwa mwezi, vingine ununue mwenyewe, na hela hakuna. Kipimo kile cha miezi mitatu, kinachojua ulikula nini wiki sita zilizopita, hakikuwa kimefika kwao. Ulitobolewa kidole asubuhi hiyo, basi, hiyo namba ndiyo wewe.

Na pale kliniki palikuwa na benchi. Mwenye sukari ya juu na daftari chafu, yeye na mama yake walikaa mbele ya wenzao wote kwenye lile benchi, na muuguzi akawasema. Liliitwa Benchi la Wakaidi. Mwenye sukari nzuri alisimamishwa, akapigiwa makofi ya kilo, akapewa chupa ya ziada.

Chupa ya ziada! Elewa hapo. Aliyekuwa na nafuu aliongezewa, aliyezidiwa alitukanwa akarudi na chupa ileile moja.

Subilaga alikaa kwenye benchi mara moja. Mwezi huo Tumpe alikuwa na miaka kumi na mbili, na muuguzi alisema mbele ya watu sitini, "Wengine wanazaa lakini kulea hawawezi." Wakati wa kutoka, mwanamke mmoja mzoefu alimshika mkono. Akamwambia, mdogo wangu, siku tatu kabla ya kliniki mnyime chakula. Maji na mchicha wa kuchemsha. Sindano umpe kamili. Siku nyingine mpe nusu, maana kwa dozi kamili hata chupa mbili hazifiki mwisho wa mwezi. Sisi wote tunafanya hivyo.

Basi ikawa hivyo. Siku ishirini na saba nusu sindano, sukari inapanda, mtoto anakunywa maji kama ng'ombe, anaamka kukojoa mara nne. Kisha siku tatu za mchicha. Siku ya pili yake Tumpe alikuwa anatoka jasho la baridi, midomo inatetemeka, na Subilaga anamlambisha asali kidogo kwa ncha ya kijiko, kidogo tu, namba isiharibike. Jumanne wanapanda mlima. Mtoto anatobolewa. Tano nukta nane! Makofi!

Na jioni Subilaga anakaa na rula yake. Sita nukta mbili. Saba nukta moja. Sita na nusu. Namba alizitoa kichwani, akazichanganya vizuri zisifanane, siku nyingine anaweka tisa ili ionekane kweli, anaandika pembeni, "alikula ndizi za harusi." Aliipenda kazi hiyo. Hapo ndipo penye uchungu, kwamba aliipenda. Mwandiko wake ulisifiwa kwa mara ya kwanza tangu aache shule.

Tumpe alikuwa akimtazama akiandika. Hakuwahi kusema neno.

*

Mchana Subilaga alimfuata Sista Gaudensia kwenye chumba cha bandeji, akajitia kumsaidia kukunja.

"Sista, kwa mfano," alisema. "Mtu akiwa amekosea kuandika. Si mimi. Kwa mfano tu."

"Atasahihisha. Aliyeandika mwenyewe, kwa kidole gumba na kwa sauti yake. Si mgonjwa, si ndugu. Watu walikuwa wanakuja na historia za kutunga ili waruke foleni, ndiyo ikawekwa sheria."

"Halafu anatibiwa?"

"Inategemea daftari la nani." Sista aliendelea kukunja. "Madaftari mengine ni ya mgonjwa tu. Lakini yale arobaini ya kwenye korido ndiyo yaliyokifundisha Kisomeo. Yalichaguliwa kwa usafi wake. Kiliambiwa, watoto hawa arobaini sukari yao ilikuwa nzuri, kwa hiyo vibanio utakavyoviona kwao, jua hivyo ndivyo vya ukuaji. Likitolewa moja, kinazimwa. Kinafundishwa upya siku kumi. Hakuna Kifutio kitakachodondoka nchi nzima mpaka kiwake tena, kwa sababu Kisomeo ndicho kinachokishika mkono."

Subilaga alikunja bandeji moja, akaikunjua, akaikunja tena. Siku kumi. Mguu wa Tumpe ulikuwa na kumi na mbili.

"Na aliye katikati ya dawa?"

"Amepotea. Ukuta wa mshipa ukikatiziwa dawa unajifunga, hauipokei tena mwaka mzima." Sista aliinua macho juu ya miwani. "Mwaka jana, Mama Daftari, tulikata miguu ya vijana wanane. Mistari yao yote imepanda hivyohivyo, kumi na mbili mpaka kumi na sita, na Kisomeo kinasema ni ukuaji. Daktari analia ofisini kwake, anadhani hatujui. Hajui anakosea wapi."

Hakumwuliza kwa nini anataka kujua. Wote wawili walikuwa watu wazima.

Subilaga alitoka akasimama korido, mbele ya kioo. Akapiga hesabu, na ilikuwa hesabu rahisi, hata mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Angesema siku ya kwanza, Kisomeo kingekuwa kinakaribia kuwaka upya. Bi Siwatu alikuwa bado hajafungwa kikasha, mguu wake ulikuwa na siku za kungoja. Wangeanza wote. Sasa akisema, kikasha cha kitanda cha tano kinazimika leo. Akisubiri siku tano Bi Siwatu amalize, kisha siku kumi za kufundisha, mguu wa Tumpe hautangoja. Akinyamaza kabisa, daftari linabaki kwenye kioo, na vijana wengine wanakuja.

Siku tisa alizinywa kama chai.

*

Aliingia wodini, akavuta kigoda mpaka kitanda cha tano. Hakutaka kufanya kwa siri. Alisema yote, kwa sauti ya kawaida, mikono mapajani. Benchi, mchicha, rula, kikasha.

Bi Siwatu alisikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, hakukatiza.

"Siku tisa," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Sita kati ya hizo unakunywa chai yangu. Asubuhi unaniambia, ndaga, dada. Unanisikia nahesabu siku za kikasha, unanitazama usoni." Alikuwa anasema taratibu, kama anayeokota mchele. "Nilimsuka mwanao nywele mimi."

"Nilimsubiri daktari aone mwenyewe. Nilisema labda mashine itaona."

"Mashine ione! Mashine umeidanganya tangu haijazaliwa."

Subilaga alifungua mdomo kuomba. Bi Siwatu akainua kiganja.

"Usiniombe ruhusa. Sitoi. Ukingoja nikwambie nenda, Siwatu amekubali, ili ulale usingizi, hutalisikia. Ingekuwa wangu amelala pale, ningekwenda bila hata kukuaga. Lakini mimi si wa kukutakasa." Akageuza uso. "Ondoka na kigoda chako."

Daktari Hokororo aliitwa. Kibao cha kioo kikawekwa mezani. Subilaga akabonyeza kidole gumba, na kibao kikamwambia kwa sauti ya upole ataje jina.

"Mimi Subilaga Mwaisumo, niliyeandika daftari namba kumi na saba. Namba nilizitunga." Kibao kikamwuliza, zipi. "Za nyumbani zote. Na za kliniki ni za njaa."

Kibao hakikujua njaa ni nini, kikamwomba arudie. Alirudia. Daktari alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkono mdomoni, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Subilaga hakukitegemea. Haikuwa hasira. Alikuwa anahesabu. Alikuwa anawahesabu wale wanane.

"Wangapi walifanya hivi, mama?" aliuliza kwa shida.

"Nilifundishwa na mwenzangu. Nami nilifundisha wawili. Waulize wote."

Kwenye kikasha cha Bi Siwatu taa ya kijani ilizimika. Sista Gaudensia alikuja, akapiga magoti, akafungua mikanda, akachomoa sindano na kubandika pamba. Bi Siwatu hakumtazama. Alipomaliza, alimwomba avute pazia, na pazia la kitanda cha tano, ambalo halikuwa limevutwa hata siku moja, likavutwa mpaka mwisho.

Tumpe alikuwa ameegemea mto. Alikuwa amesikia yote.

Subilaga alikuja akasimama miguuni pa kitanda. Alisubiri mtoto aseme ahsante, au amtukane, lolote lile angelipokea.

"Daktari anasema siku kumi," alisema. "Labda mguu utangoja."

"Labda."

"Ulikuwa unajua."

"Mwenye njaa nilikuwa mimi, mama. Nisijue vipi?"

"Basi mbona hukuniambia sema? Hata jana? Hata leo asubuhi, daktari aliponiuliza?"

"Nilikuwa nakungoja." Tumpe alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayefundisha. "Madaktari watatu wameniuliza ninakula nini kisiri. Wewe ulikuwa umekaa pale pembeni, mara zote tatu, umeshika kikapu. Nilikutazama. Nikasema, sasa atasema. Nimekungoja mpaka mguu umekuwa mweusi."

"Niliogopa lile benchi, Tumpe. Mwanzoni niliogopa usife, chupa zisikatike. Halafu niliogopa lile benchi tu." Alishika chuma cha kitanda. "Nilitaka waseme nimeweza kukulea."

Nyuma ya pazia Bi Siwatu alipenga kamasi kwa nguvu.

Subilaga alikaa kitandani, upande wa mguu mzima. Kulikuwa na swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtoto huyu tangu amzae. Alikuwa akimwuliza umeoga, umechoma sindano, umekojoa mara ngapi.

"Na wewe ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

Tumpe aliutazama mguu wake. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo, si ya mwalimu tena.

"Mara moja tu, mama. Nilitaka mara moja tu twende kliniki nikiwa nimeshiba."